Reli Haikuletwa kwa Ajili Yetu, Tuliidandia: Niliyoyasema Pongwe

Wanangu, wajukuu zangu, na nyie wazee wenzangu mliojificha kule nyuma chini ya mwembe, wa kupewa shikamoo nawapa, wa kunipa nazipokea, marahaba. Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe. Mwenyekiti wa mtaa kaniambia Bi Mwalimu una dakika 20 tu manake saa kumi na moja kuna mpira, mi nikamwambia hewala, lakini nyie mnanijua, nimefundisha darasa la nne maisha yangu yote na mwalimu wa darasa la nne akipewa dakika 20 anazimaliza kwenye kuita majina. Kwahiyo mwenye mpira wake aende tu, sitonuna.

Hiki nilichoweka hapa mezani ni taa. Ya marehemu baba. Walio nyuma hamuioni vizuri, ni taa ya mafuta ya kawaida tu, ya bati, ila ina vioo vitatu, chekundu, cha kijani na cheupe, ukizungusha hapa juu mwanga unabadilika rangi. Hapa ubavuni pameandikwa EAR&H, zimefutika kidogo. Nitairudia baadae. Watoto wa mbele naombeni msiiguse sasa hivi, hiki kioo cha kijani kina ufa.

Nimeitwa niongee kuhusu stesheni yetu, historia yake na huduma zake. Nilivyoambiwa "huduma" nikacheka peke yangu jikoni, maana vijana wengi wa hapa Pongwe mnaijua stesheni kama sehemu ya kupata kivuli unaposubiri abiria wa bodaboda. Hujawahi kuona mtu anakatiwa tiketi. Hujawahi kusikia mtu anasema nawahi gari moshi. Sasa ukiambiwa huduma unajiuliza huduma ipi, ya kivuli?

Nianze na jambo ambalo wazee wenzangu huwa hawapendi kulisikia. Reli hii haikuletwa kwa ajili yetu. Hakuna mtu aliyekaa kitako akasema hawa watu wa Pongwe wanatembea sana kwa miguu hebu tuwafanyie wema. Wajerumani waliunda kampuni mwaka 1891, mwaka 1893 wakaanza kutandika reli pale Tanga, ndo ikawa reli ya kwanza Tanganyika nzima, na walichokuwa wanakifuata ni kahawa ya Usambara, juu kule kwenye baridi walikofungua mashamba. Sisi tulikuwa njiani tu. Pongwe ni kama kilomita 15 kutoka Tanga mjini, treni inayokwenda Muheza haiwezi kuturuka, basi ikapita.

Na msidhani walienda kwa kasi. Muheza hapo, kilomita 40, unapofuata machungwa asubuhi ukarudi mchana, walifika Aprili 1896. Karibu miaka mitatu! Halafu hela zikaisha. Kampuni ikakwama, reli ikaishia hapohapo kama mtu aliyesahau alichotumwa, mpaka serikali ya Kijerumani yenyewe ikaichukua mwaka 1899. Ndo ikasogea Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911. Piga hesabu, kilomita 352 kwa miaka 18. Wenzao Waingereza pale Mombasa walianza 1896, wakati hawa wanasherehekea kufika Muheza, na 1901 walikuwa wameshafika Ziwa Victoria, zaidi ya kilomita 900. Yaani kobe na sungura, na safari hii sungura hakulala.

Lakini tuna la kujivunia kidogo, mtani wako wa Nairobi akikuringia mwambie Pongwe ilisikia honi ya treni kabla Nairobi haijazaliwa. Nairobi imeanza 1899 kama kambi ya mafundi reli. (Hapo walipiga makofi, ikabidi ningoje.)

Sasa angalieni mambo yalivyo. Mwaka huohuo wa 1893 ambao reli inaanza Tanga, ndo mwaka ambao Dk. Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, alileta mkonge. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida huko Marekani, ikasafirishwa ikapita Ujerumani, iliyofika hai ni 62. Sitini na mbili tu. Ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kahawa waliyoijengea reli ikawasumbua, ule mkonge ambao hakuna aliyekuwa anaufikiria ndo ukaja kuilisha reli miaka 70. Reli na mkonge wa hapa kwetu ni pacha, wamezaliwa mwaka mmoja na walivyougua wakaugua pamoja, nitafika huko.

Wenye akili za biashara waliendelea kuitumia kila namna. Pale Tengeni, upande wa Muheza, kulikuwa na kireli chembamba zaidi kinachotoka kinapanda mpaka Sigi, karibu na Amani, kushusha mbao. Wazee wa Muheza wanakumbuka habari zake, mi sijakiona, kilishang'olewa.

Vita ya kwanza nitaipitia haraka manake kila mtu Tanga ni profesa wa vita vya nyuki. Novemba 1914 Waingereza walileta meli na askari kama 8,000, wengi Wahindi, wakashukia Ras Kasone. Mjerumani pale Tanga alikuwa na watu wachache mno. Kilichomuokoa kabla ya nyuki ni reli. Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, aliwapakia askari wake kule Moshi akawateremsha kwa treni, na Waingereza walivyochelewachelewa kuingia mjini wakakuta askari hao wameshafika. Jumla Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha bunduki na risasi za kumwaga. Nyuki walikuwepo kweli, waliuma pande zote mbili, lakini nyuki hawajui kupanga vita. Ratiba ya treni ndo iliyopanga.

Waingereza walipoichukua nchi wakaikuta reli, wakaiunga na ya kwao kwa upande wa Voi na Kahe, njia waliyoijenga vitani, halafu mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaisogeza kutoka Moshi mpaka Arusha. Tanga mpaka Arusha ikawa kilomita kama 438. Mwaka 1948 reli zote za Afrika Mashariki na bandari zake zikawekwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, ndo hizo herufi za kwenye taa.

Haya. Historia ya kwenye vitabu imeisha, sasa nakuja kwetu.

Baba alikuwa mtu wa gengi. Gengi ni kikundi cha watu wanaotunza kipande cha njia, wana mipaka yao, kuanzia hapa mpaka pale ni yenu, reli ikilegea mtaulizwa nyie. Alfajiri kabla ya treni ya kwanza mtu mmoja anatembea kipande chote kwa miguu na nyundo ya mpini mrefu na spana begani, anaangalia maungio, anagonga. Baba alikuwa anasema reli nzima inalia kama kengele na reli yenye kasoro inalia kama sufuria. Nilimfuata mara moja nikiwa na miaka saba, nikagonga na mimi, sikusikia tofauti yoyote, nikamdanganya nimesikia. Mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, mengi ya njia hii ni ya chuma, maana mbao kwa mchwa wa huku zingekuwa chakula, na jua la saa saba lile la kaskazi chuma kinatanuka mpaka kinatoa mlio, tik, tik, tik, ukiwa umekaa kivulini unasikia njia nzima inaongea.

Na mama alikuwa anauza plafomu. Mihogo ya kukaanga, chai ya tangawizi, siku nyingine samaki wakipatikana. Mnaelewa sasa kwanini nasema tuliidandia? Kwenye mipango ya Mjerumani hakukuwa na mihogo ya mama. Hakukuwa na plafomu ya kuuzia bajia. Treni ilisimama dakika chache kwa mambo yake na watu wakaona lo, hizi dakika chache ni soko. Mama alikuwa anajua kila treni kwa njaa yake: treni inayotoka juu, Moshi na Korogwe, abiria wamelala njiani wana njaa ya chai na kitu cha moto, hiyo peleka chai kwanza. Inayotoka Tanga watu wameshakula kwao wanataka cha kutafuna tu, hiyo peleka mihogo. Hizo hela ndo zilizonisomesha ualimu, mshahara wa gengi ulikuwa wa unga na mafuta ya taa.

Stesheni ndogo ya pembezoni kama yetu ilikuwa inafanya nini? Kwanza kupishanisha treni, na hii wengi hamuijui. Njia ni moja. Treni inayopanda na inayoshuka haziwezi kupishana popote, zinapishana stesheni tu, penye reli ya pili ya pembeni, wenyewe wakiita kupiga krosi. Kwahiyo stesheni masta anazungusha mkono wa simu, anamwita mwenzake wa stesheni ya mbele, njia iko wazi? iko wazi, anaandika kwenye karatasi, hiyo karatasi ndo ruhusa, laini klia, dereva haondoki mpaka ameishika mkononi. Hata awe na haraka gani. Hata awe amebeba mheshimiwa. Nilikuwa napenda kuangalia pale karatasi inapopokelewa kuliko treni yenyewe, dereva mtu mzima mweusi kwa masizi anaisoma taratibu kama mtoto anasoma barua ya baba yake.

Halafu tiketi. Ilikuwa kadi ngumu, kadogo, kama vidole viwili vimelazwa. Ninayo moja, ile ya kwenye bahasha, msije mkafikiri ni kipande cha boksi. Karani anaichomoa kwenye kabati la vijitobo, anaiingiza kwenye kimashine cha chuma, kachak, tarehe imegongwa. Daraja la kwanza, la pili, la tatu. Sisi la tatu, benchi za mbao, ukifika Tanga umechorwa mistari mgongoni. Na hao wa la tatu ndo walioijaza treni, wanaokwenda soko la Ngamiani na matenga, wanaokwenda Bombo hospitali, wanaokwenda kesi, mabwana harusi, misiba, mtoto anapelekwa kwa bibi yake Maramba anapitia Muheza. Ukishuka Tanga stesheni ukivuka reli upande mmoja uko mjini kwa maofisi na bandari, upande mwingine uko Ngamiani kwenye barabara za namba, mpaka leo mji wetu umegawanywa na hiyohiyo reli.

Kulikuwa na mizani na ghala. Robota za mkonge kutoka mashamba yaliyotuzunguka zinapangwa zinangoja behewa, za kwenda bandarini. Ndani ya mashamba kwenyewe walikuwa na vireli vyao vidogo vya kuleta majani kiwandani, kwahiyo ukiwa mtoto wa huku unaona reli tu kila mahali unadhani dunia nzima iko hivyo. Na kwenye mkonge ndo walikuja watu. Hapa Pongwe tukianza kuulizana babu yako katoka wapi tutamaliza ramani, kuna Waha, Wamakonde, Warundi, Wabena, Wangoni. Manamba, yaani vibarua wa mkonge. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu mwaka 1944, SILABU, ikazunguka mikoani kukusanya vijana, wanafika huku kwa lori na kwa treni, anapewa kipande, kadi ya kazi, siku 30 za kazi ndo mshahara, na siku 30 zilikuwa hazihesabiwi kama unavyohesabu wewe, siku usiyomaliza mistari yako haipo. Wengi walisema naja mwaka mmoja narudi kwetu. Tanga watu husema waja leo waondoka leo, babu zenu walikuja leo hawakuondoka. Ndo nyie.

Pia stesheni ilikuwa saa yetu. Nani alikuwa na saa? Treni ya asubuhi ikipiga honi pale kwenye kona, mtoto ambaye hajaoga ameshachelewa shule. Sisi watoto tulikuwa tunasema inaimba mkonge-chumvi, mkonge-chumvi, mkonge-chumvi, manake kushuka inabeba mkonge na kupanda inabeba chumvi. Ikichelewa, mji mzima unachelewa na hakuna wa kumlaumu.

Mjomba wangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa anarudi kutoka Korogwe usiku kapata kidogo kinywaji, akalala, akapitiliza Pongwe akaamkia Tanga. Hela ya kurudi hana. Akaona aibu kumwomba mtu, akatembea juu ya mataruma usiku kucha kilomita zote 15 mpaka hapa, amefika asubuhi viatu mkononi, anakutana na mama kashaweka chai mezani plafomu. Mama akamuuliza umetokea wapi na treni ya juu bado haijafika? Akasema nilipitia njia ya mkato. Mama akamwambia mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, kaa unywe chai, na utailipa. Kisa hiki alikikataa mpaka anakufa.

Sasa taa.

Mwaka 1964, usiku, masika, mama ana uchungu. Mkunga wetu wa hapa kaangalia kasema huyu mtoto kakaa vibaya, mimi siwezi, apelekwe Bombo. Apelekwe na nini? Gari Pongwe nzima lilikuwa la mwenye shamba, na usiku ule halikuwepo. Treni ya abiria ya mwisho ilishapita. Kulikuwa na treni ya mizigo inashuka kutoka Korogwe na hiyo haikuwa na habari na sisi, ilikuwa ipite tu. Baba akamgongea stesheni masta, mzee mmoja mpole sana, mfupi, amevaa kikoi, akaenda hivyohivyo na kikoi chake kwenye simu, akazungusha mkono, akaongea na Tanga, sikusikia alichosema maana nilikuwa nimemshika mama kanga. Akatoka akamwambia baba, kasimame nyekundu.

Baba akashuka kwenye njia na taa hii. Mvua ndogo inanyesha. Nilikuwa na miaka minane, nakumbuka kile kitone chekundu kule gizani na sauti ya treni inakuja, inakuja, haipungui, nikawa nasema moyoni haijamuona. Halafu ikaanza kulia breki. Ilisimama imeshatupita, mkia wake ndo ukaja kuwa mbele yetu, na mkiani ndo kuna behewa la gadi, msimamizi wa treni. Gadi akachungulia anafoka, nani kasimamisha treni yangu, akamulika akamuona mama kwenye kitanda cha kamba wanaume wanne wamemshika. Akanyamaza. Akashuka mwenyewe, akatandika koti lake. Baba aliitupa taa chini ili ashike kitanda, ndo huu ufa, wa usiku ule.

Mdogo wangu alizaliwa Bombo kabla ya adhana ya alfajiri. Jina lake la msikitini mnalijua, lakini mtaani wote mnamwita Gadi na wengi wenu mlikuwa hamjui kwanini. Yule pale, ameinama, hapendi nikisema. Kashakuwa na mvi huyo. (Watu waligeuka wote, akajifunika uso na kofia.)

Hiyo sasa ni huduma ya nani? Haipo kwenye ratiba. Hakuna bei yake kwenye ubao. Nikisema tuliidandia ndo namaanisha hivyo. Kitu kililetwa kubeba robota, watu wa kawaida, stesheni masta, gadi, watu wa gengi, wauza mihogo, wakakigeuza kidogokidogo kikaanza kubeba maisha yetu. Na haikuja bure, wafanyakazi wa reli walipigania vyao, ule mgomo wao wa 1960 ulikwenda karibu miezi mitatu, nyumbani kwetu tulikula mihogo asubuhi mchana na jioni, mihogo ileile ya kuuza maana hakuna treni hakuna wateja.

Kuishiwa kwake sasa. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kuunga reli yetu na reli ya kati, kutoka Ruvu mpaka Mruazi, jirani na Mnyusi, kilomita zaidi ya 180. Kabla ya hapo reli ya Tanga na ya Dar zilikuwa kama ndugu wasiosalimiana. Tulifurahi sana, shuleni tuliimbishwa. Hatukujua kwamba mlango uliofunguliwa kuingilia ndo wa kutokea pia, mzigo wa Moshi na Arusha ambao zamani lazima ushukie Tanga sasa unaweza kukunja pale ukaenda zake Dar. Mwaka uliofuata, 1964, mkonge ukafika kileleni, nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, halafu bei ikaporomoka, kamba za nailoni zikaja, mashamba yakaanza kuota pori. 1977 Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikachukua mabehewa yake, sisi tukaanza na TRC yetu, shirika letu la reli. Habari za mafao ya wazee wa Jumuiya mnazijua, sitaingia huko leo, nitalia bure.

Lakini na sisi tuseme ukweli wetu. Lami ilivyokuja tulihama wenyewe. Basi linakuchukua mlangoni, linakushusha unapotaka, treni inangoja krosi saa nzima. Mimi mwenyewe nilivyopangiwa shule ya mbali nilikuwa napanda basi, na baba yangu yuko hai ananiona. Na walioiba vyuma vya reli wakauza chuma chakavu hawakutoka mbinguni, tunawajua, wengine tumewazika na hotuba nzuri.

Leo treni ya abiria ya Dar imerudi upande wa kaskazini, Desemba 2019 ilifika Moshi, Oktoba 2020 ikafika Arusha. Nilifurahi mpaka nikapiga simu kwa Gadi. Ila angalieni ramani, inatoka Ruvu, inakuja Mruazi, inakunja kushoto kwenda Korogwe. Inatupa mgongo. Na ile ya kisasa ya umeme, iliyoanza Juni 2024 Dar mpaka Morogoro na Julai ikafika Dodoma, hiyo nimeipanda, nilikwenda kumuona mjukuu, inakwenda kilomita 160 kwa saa, chai haimwagiki. Nzuri sana. Ila hakuna wa kukuuzia mhogo dirishani, dirisha lenyewe halifunguki.

Mi hoja yangu ni ndogo tu, na nimeshamwambia diwani. Oktoba 2012 Dar walianzisha treni ya mjini, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa wakati ule. Haikungoja reli mpya, ilitumia reli ileile ya zamani ya upana wa mita moja, ndugu wa hii yetu. Watu wa pembezoni wakaanza kufika kazini bila foleni. Sasa Tanga inapanuka inakuja huku, stendi ya mabasi imeshahamia Kange, viwanda vya saruji viko hapahapa Pongwe, wanafunzi wanakwenda mjini kila asubuhi wamebanana kwenye daladala kama dagaa. Treni moja asubuhi na moja jioni, Muheza, Ngomeni, Pongwe, Tanga. Najua kuna watakaosema hailipi. Na mimi nawauliza, huo usiku wa 1964 ulilipa shilingi ngapi?

Mpaka hapo ipatikane au isipatikane, jengo letu lile lisafishwe, ile mifugo isilazwe mule, na mawe ya mipaka ya reli msiyang'oe kujengea choo, ndio nakuambia wewe, nimekuona. Vijana wanaotaka kuandika majina ya babu zao na walifika kwa behewa gani na shamba lipi, daftari ninalo, waje nyumbani jioni yoyote isipokuwa Alhamisi.

Nimemaliza, naona mpira umeshaanza. Mnaotaka kuiona taa pangeni mstari, watoto kwanza, mmoja mmoja, nitaiwasha mwenyewe. Gadi, njoo unishikie huku upande wa ufa.